Nusu Kikombe Tu

Ardis Skogen alikuwa na hasira za karibu, na balaa lake ni kwamba alizaliwa, akalelewa na kuolewa mahali ambapo hasira haina pa kwenda. Huko Dakota ya Kaskazini, kwa hao wajukuu wa Wanorwe, ukimkanyaga mtu mguu yeye ndiye anayekuomba radhi. Mvua ya mawe ikimlazia chini shamba zima la ngano atakwambia, "Si mbaya sana." Na ukimkaribisha kahawa, hata kama koo limemkauka kwa vumbi la mavuno, lazima akatae kwanza. "Hapana, usijisumbue." Unamkaribisha tena. "Hapana, nakwenda zangu sasa hivi." Unamkaribisha mara ya tatu, ndipo anavuta kiti. "Haya, basi, nusu kikombe tu." Nusu kikombe! Atakunywa birika zima na kuulizia keki.

Kila mtu huko anaijua hesabu hiyo. Hapana ya kwanza ni salamu, ya pili ni adabu, ya tatu ndiyo jibu. Mtoto anayepokea keki mara ya kwanza tu inapotolewa hufinywa paja na mama yake chini ya meza. Ardis alifinywa mpaka akaelewa, kisha akawafinya wanawe, ambao sasa wanaishi Denver na Minneapolis na wanakula keki bila kufinywa na mtu.

Bingwa wa mchezo huo alikuwa mumewe, Orlan. Mwanamume mrefu, mpole, asiyeweza kumwambia hata mbwa toka. Mwaka ambao mvua ya mawe ilivunja alizeti zao zote, alikuja bwana mmoja wa ofisi kukagua hasara, mgeni kutoka jimbo la mbali. Akasimama ukingoni mwa shamba, akatazama yale mashina yaliyolala, akauliza, "Hali ikoje, mzee?"

"Aa," Orlan akasema, mikono mfukoni, "ingeweza kuwa mbaya zaidi."

Yule bwana akaandika hivyohivyo. Wakalipwa kama watu walionyeshewa manyunyu.

"Ulimwambia nini?" Ardis aliuliza siku jibu lilipokuja. "Orlan, mume wangu, hebu rudia, ulimwambia nini?"

"Sikutaka aone tunalalamika."

"Lakini kalamu anayo mkononi! Kaja kwa ajili ya malalamiko! Usipolalamika wewe aandike nini, nyimbo za kanisani?"

Orlan akasema labda aende akaangalie mafuta ya trekta. Akaenda. Trekta lile lilikaguliwa mafuta kuliko trekta lolote katika wilaya.

Sasa, kama kulikuwa na maneno yaliyomchosha Ardis masikio ni haya mawili: mkulima mdogo. China ilipoacha kununua soya, maghala yakajaa mpaka soya ikamwagwa nje, bei ikaporomoka, na serikali ikatangaza ruzuku ya kumwokoa mkulima mdogo. Kwenye redio, mkulima mdogo. Kwenye mabango ya uchaguzi, mkulima mdogo, amepigwa picha na mjukuu na mbwa. Haya, ruzuku ikaja. Ikagawanywa kwa eka! Mwenye eka nyingi akapewa nyingi, mwenye chache akapewa kidogo, yaani aliyekuwa anazama kwenye dimbwi akatupiwa uzi, na mwenye meli akatupiwa kamba. Ardis na Orlan walipata cha kununulia matairi ya trekta, tena ya nyuma tu.

Mwenye meli alikuwa Dwight Bakkedal. Dwight alisoma na Ardis darasa moja, na aliwahi kumtapikia viatu kwenye basi la shule. Sasa alilima kutoka barabara kuu mpaka mtoni, na bado alikuwa akinunua. Serikali iliweka kikomo, mtu mmoja asipokee zaidi ya kiasi fulani. Vizuri sana. Dwight naye akaongeza watu. Sheria ilisema ndugu wa familia anayesaidia kuendesha shamba naye ni mkulima, hata kama anasaidia kwa mawazo. Basi mkewe akawa mkulima. Wanawe wakawa wakulima. Mpwa wake, daktari wa meno mjini Fargo, akawa mkulima. Na mama mkwe wake, Bibi Borghild, akawa meneja.

Bibi Borghild alikuwa kwenye nyumba ya wazee pale mjini. Alimwita muuguzi wake kwa jina la dada yake aliyefariki zamani, na kila asubuhi aliuliza kama ng'ombe wamekwisha kamuliwa. Ardis aliijua hali yake vizuri kwa sababu kanisa lilimpa zamu ya kumtembelea kila Alhamisi, na kila Alhamisi alimpelekea lefse, zile chapati zao laini za viazi, zimepakwa siagi na sukari.

"Meneja wako hajambo," alimwambia Dwight Jumapili moja katika ukumbi wa chini wa kanisa, watu wakinywa kahawa. "Alhamisi kaniuliza kama vita vimekwisha."

Dwight akacheka, hana hata habari ya kuona haya. "Sheria inaruhusu, bibie."

"Najua inaruhusu."

"Sasa mbona umekunja uso?"

"Ndicho kinachonikunja uso, Dwight! Ungeiba ningekuita mwizi nikapumzika!"

Meza nzima ikainamia vikombe. Orlan akasema kahawa ya leo imetoka vizuri. Na Ardis akajiona yeye ndiye aliyekosa adabu, maana huko ndivyo ilivyo. Mtu apokee fedha za serikali kwa jina la bibi asiyekumbuka jina lake mwenyewe, hilo halina neno. Ukilitaja mbele ya keki, umevunja heshima ya watu.

Na fedha zile hazikukaa bure. Kila shamba lililouzwa, Dwight alipandisha dau juu ya wenzake. Nyumba za waliouza zikabaki tupu, milango ikipigapiga kwa upepo, kisha zikachomwa moto ili plau ipite. Shule ikafungwa. Mkahawa ukafungwa.

Lililomnyima Ardis usingizi lilikuwa shamba la Tveit. Lilikuwa ng'ambo ya barabara ya changarawe, mbele ya dirisha la jikoni kwake, na halikuwa lake. Baba yake alilikodi kwa mzee Tveit kwa kupeana mkono, na Ardis na Orlan wakaendelea kulikodi. Ardhi ya huko ina kisirani chake. Kila barafu inapoyeyuka inatema mawe, na kila mwaka unayaokota, na mwaka unaofuata yapo mengine. Ardis aliokota mawe ya shamba lile tangu utotoni, na rundo lake lilikuwa kwenye kona ya kaskazini, refu kuliko Orlan. Nusu ya mazao yao ilitoka pale. Shamba lile likiondoka, hata Orlan alikiri, itabidi wauze mashine na kutafuta kibarua mjini, uzeeni.

Mzee Tveit alikuwa amekufa, na warithi wake waliishi Phoenix, kwenye jua. Ruzuku ilipotangazwa tu, wakala wao alipandisha kodi ya shamba. Yaani hata ile fedha ya matairi ikaishia Phoenix. Kisha, mwisho wa Agosti, gari jeupe la kukodi likaingia uani, akashuka mjukuu wa Tveit, binti anayeitwa Paige, na miwani ya jua kichwani.

Ardis alikuwa peke yake, Orlan yuko chini ya mashine ya kuvunia na bisibisi. Akamkaribisha Paige kahawa. Paige akasema, "Ndiyo, asante sana," papo hapo, na Ardis akashtuka kidogo akimimina. Hilo peke yake lilitosha kumwonya, lakini wapi.

"Mama Ardis," Paige akasema, "mimi nitasema moja kwa moja. Tunauza shamba. Wenzangu wanataka mnada. Lakini babu aliwapenda sana nyinyi, na kabla sijaongea na mtu mwingine yeyote nimekuja kwenu. Bei ya kawaida, si ya mnada. Mtatulipa taratibu, mwaka hadi mwaka. Mnalitaka?"

Ardis alitazama dirishani, ngano imeiva, rundo lake la mawe liko pale. Kama kuna kitu alichokitaka duniani ndicho hicho, na sasa kimewekwa mezani kwake kando ya sukari. Akafungua kinywa. Na kinywani mwake akatoka mama yake.

"Aa, hapana, mwanangu," akasema. "Usijisumbue kwa ajili yetu. Jambo kubwa hivyo, hatuwezi kukuomba."

Paige akamtazama. "Una hakika?"

"Hakika kabisa," akasema Ardis. "Inatosha tu kwamba umetukumbuka."

Akangoja. Alishapanga hata jibu lake, nalo ni, haya, basi, kama haitakuwa usumbufu. Alisogeza sahani ya keki mbele ili kumpa mgeni nafasi ya kuuliza tena.

Paige akashusha pumzi. "Sawa, Mama Ardis. Nashukuru kwa kuwa mkweli. Watu wengi hawajui kusema hapana."

Kisha, Mungu wangu, akaanza kusimulia joto la Phoenix.

Ardis akasikiliza joto la Phoenix huku kijasho kinamtoka. Akajipa moyo. Paige atauliza mlangoni, maana huko kwao maneno ya maana husemwa mlangoni, mtu ameshaaga mara kadhaa, au dirishani mwa gari, injini inanguruma. Lakini Paige alisema kwaheri mara moja, akafunga mlango wa gari, akaondoka. Mara moja tu! Ardis akabaki uani na kitambaa cha vyombo mkononi, vumbi linamshukia.

Akaenda kwenye mashine ya kuvunia, akaipiga teke. Miguu ya Orlan ikastuka.

"Toka huko chini. Nimekataa shamba la Tveit."

Orlan akatoka, uso umejaa grisi. Akasikiliza mkasa mzima. Ardis alimngoja acheke, na laiti angecheka, maana alikuwa na haki, miaka yote ile ya kuimbiwa mvua ya mawe. Orlan hakucheka. Alifikiri.

"Aliuliza mara ngapi?"

"Mbili."

"Basi hatujakataa bado," akasema Orlan.

"Yule katoka Phoenix, Orlan! Hajui kuhesabu!"

"Atarudi. Ukimkimbilia sasa hivi tutaonekana tuna tamaa."

"Lakini tuna tamaa! Mimi nina tamaa! Nalitaka lile shamba tangu nina miguu ya kulikanyagia!" Hakuwahi kulisema hilo kwa sauti, na lilimtisha. Na jamani, mtu huyohuyo aliyesema hivyo, hakuondoka jioni ile. Alisimama kwenye simu ya ukutani, akaishika, akairudisha. Ilikuwa saa ya chakula, na huko kwao mtu hapigi simu saa ya chakula. Baadaye ikawa ni saa ya kulala. Usiku kucha aligeuka kitandani akimtukana mama yake, marehemu, mwanamke mwema.

Alfajiri akavaa koti na kuondoka na pikapu. Kwenye nyumba ya wageni mjini wakamwambia yule binti ameshatoka, kaenda kwa bwana Bakkedal, aliyekuja kumtafuta tangu jana jioni. Ardis akaendesha mpaka kwa Dwight kwa mwendo ambao changarawe ilipiga chini ya gari njia nzima. Gari jeupe lilikuwa uani. Hakubisha hodi. Akaingia jikoni na viatu vyake vya matope, jambo ambalo kwa watu wale ni kubwa kuliko matusi.

Dwight na Paige walikuwa mezani. Kalamu ilikuwa imeshafungwa.

"Ardis!" Dwight akasema. "Kahawa?"

"Hapana."

Na Dwight hakuuliza tena. Akarudisha birika mahali pake. Huko kwao, kuulizwa mara moja tu ni sawa na kuonyeshwa mlango, na Ardis alielewa, na Dwight alijua kwamba ameelewa.

"Paige, mwanangu," Ardis akasema, "shamba nalitaka. Jana nilikuwa nalitaka. Nilikuwa nangoja uniulize tena."

"Lakini ulisema hapana," akasema Paige. "Nikakuuliza una hakika, ukasema hakika kabisa."

"Mbili hizo! Mara mbili si hapana! Mwulize huyu. Dwight, mwambie."

Paige akamgeukia Dwight. "Nilikwambia jana kwamba Mama Ardis amekataa mara mbili. Ulijua?"

Dwight akatazama kikombe chake. Huyu ndiye yule Dwight aliyekataa nyama ya Pasaka mara tatu katika ukumbi wa kanisa, kisha akala sahani mbili. Alifinywa na mama yake kwenye benchi moja na Ardis. Alijua kuliko mtu yeyote aliye hai.

"Mimi naona," akasema polepole, "mtu mzima akisema hapana, ni hapana."

"Looo!" Ardis akasema. "Dwight Bakkedal! Tangu lini?"

Paige alikuwa ameanza kulia, na alipolia alisema ukweli wote. Kwamba jana jioni Dwight aliposikia kwamba Ardis hataki, alisema "ndiyo" kabla Paige hajamaliza kuuliza. Kwamba alitoa bei ambayo ndugu zake kule Phoenix walishangilia kwenye simu. Kwamba ameshatia saini, na hawezi kuwarudia. Ardis akamwangalia yule binti, akataka kumchukia, akashindwa. Kosa lake lilikuwa kuuliza swali na kuamini jibu.

"Si neno," akajikuta anamwambia, akimpigapiga begani. "Si mbaya sana."

Alipofika ndani ya pikapu ndipo aliposikia alichosema, akapiga usukani mpaka honi ikalia.

Waliuza mashine ya kuvunia majira ya baridi. Aliyeinunua alikuja na kofia mkononi, akauliza kama bei ni sawa, na Orlan akasema ni nyingi mno. Ardis hakumgombeza. Orlan akapata kazi ya kuendesha gari la kusafisha theluji, na Ardis akaingia jikoni kwenye nyumba ya wazee, kwa hiyo sasa Alhamisi hakuwa na haja ya kusafiri. Barafu ilipoyeyuka, mawe yakatoka kwenye shamba la Tveit kama kawaida. Akaja kijana wa Dwight na mashine kubwa, akayazoa, na rundo la kona ya kaskazini akalisukumia mtoni ili apate nafasi ya kupanda mistari miwili zaidi. Maana ruzuku ni kwa eka.

Wakati wa ruzuku iliyofuata, Ardis alipeleka lefse chumbani kwa Bibi Borghild, akamkuta amekaa dirishani na boksi kubwa la chokoleti mapajani, limefungwa kwa utepe. Dwight alikuwa amepita. Muuguzi alisema huwa analeta boksi kama hilo kila fedha zinapoingia. Basi ndiyo ruzuku yote aliyowahi kuiona meneja.

"Ng'ombe wamekamuliwa?" Bibi Borghild akauliza.

"Wamekamuliwa, bibi."

"Na lile shamba la Tveit, nani analima siku hizi?"

Ardis akaweka lefse kwenye meza ndogo iliyokuwa kati yao. "Wewe, bibi. Ni lako. Wewe ndiye meneja."

"Acha mzaha wako," bibi akasema, akafungua boksi, akalisogeza. "Haya, mwanangu, chukua moja."

"Ndiyo," akasema Ardis. Akachukua, akatia mdomoni.

Bibi Borghild akamtazama. Jina la binti yake lilikuwa limempotea, na mwaka, na mumewe pia. Akamtazama Ardis akitafuna, na uso wake ukakaza.

"Hujakataa," akasema.

"Sijakataa, bibi."

"Hata mara moja!"

"Hata mara moja."

Bibi akafunga boksi. "Mama yako hakukufunza?"

"Alinifunza, bibi," Ardis akasema. "Alinifunza vizuri sana."

Bibi Borghild akainama kwa shida, akapitisha mkono chini ya meza ndogo, akamfinya paja. Vidole havikuwa na nguvu, lakini vilishika palepale, na Ardis, mwanamke mzima mwenye mvi, akaanza kulia kwa sauti mbele ya meneja.